Kunata na Kubanduka: Utangulizi wa Elimu ya Gundi za Kufunga Majeraha

Elimu ninayokukaribisha inahusu tabaka la gundi ambalo unene wake, kwa kawaida, hauzidi nusu ya unene wa karatasi ya daftari. Tabaka hilo hupakwa upande mmoja wa kitambaa chepesi, kitambaa hukatwa vipande vyenye upana wa milimita 3, 6 au 12, na vipande hivyo hubandikwa kukatisha jeraha ili kingo zake mbili zikutane na kutulia hadi mwili ujiunge wenyewe. Sindano haihitajiki, wala uzi, wala ganzi. Hospitalini wengi huviita kwa jina la kibiashara la Steri-Strip, hata kama vilivyomo kabatini vimetengenezwa na kampuni nyingine. Mimi nitaviita plasta za kuunga.

Nimeandika nikiwafikiria wanafunzi wa mkoa wa Kigoma: wa uuguzi, wa famasia, wa kemia, na yule wa kidato cha sita ambaye bado hajaamua ashike njia gani. Nawapenda watu wa pwani hii ya ziwa, lakini sababu yangu kubwa ni ya kisayansi. Karibu kila kinachoisumbua gundi kinapatikana hapa. Jasho lipo, maana mwezi Septemba, kabla mvua hazijaanza, joto la mchana mjini hukaribia nyuzi 30 na hewa ya ziwani haikaushi mwili upesi. Maji yapo: Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani, ambalo watu huingia na kutoka usiku na mchana kutafuta riziki. Mafuta yapo: mawese na mise kutoka kwenye michikichi, na mafuta ya samaki mikononi mwa akina mama wanaoanika dagaa mialoni Kibirizi na Katonga. Mchanga nao upo kila mahali. Gundi itakayofaulu kwenye mkono wa mwanika dagaa wa Kibirizi itafaulu karibu popote. Gundi iliyofaulu kwenye chumba chenye kiyoyozi cha nchi ya baridi bado haijatuambia lolote kuhusu mkono huo.

Swali ambalo mgeni wa elimu hii huanza nalo ni: gundi ina nguvu kiasi gani? Ni swali la haki, ila halitatufikisha mbali. Gundi zenye nguvu zilipatikana zamani. Zipo zinazounga sehemu za ndege zinazoruka angani. Kazi iliyo ngumu ni kupata gundi itakayoshika ngozi hai, yenye jasho, nywele na mikunjo, kwa siku saba au kumi, halafu iachie bila kuondoka na ngozi yenyewe. Kushika na kuachia kunadaiwa kwa tabaka lilelile moja, jembamba. Nakuomba ulishike hilo, kwa sababu kila utakachosoma mbele ni namna mojawapo ya kulijibu dai hilo.

Wazo lenyewe ni la kale mno. Mafunjo ya Misri yanayojulikana kwa jina la Edwin Smith, yaliyonakiliwa miaka kama 3,600 iliyopita, yanamweleza tabibu namna ya kutibu jeraha lililo juu ya nyusi: alishone, na mshono ukilegea, avute kingo kwa vipande viwili vya kitani. Juu ya nyusi! Mahali hapohapo ndipo wauguzi wa leo hubandika plasta za kuunga mara nyingi zaidi, hasa kwa watoto walioanguka. Mfupa uko karibu, ngozi haivutwi sana, na hakuna mzazi anayetaka mwanawe abaki na alama za sindano usoni.

Kilichobadilika tangu siku za mafunjo yale ni kitu kinachokishikilia kitambaa. Ulaya ya karne ya 18 na 19 ilitumia plasta ya hariri iliyopakwa gundi ya mabondo, yaani vifuko vya hewa vya samaki. Mtu aliilowanisha, akaibandika, ikakauka na kushika. Wavuvi wa Ziwa Viktoria wanayajua mabondo kwa sababu nyingine: ya sangara huuzwa Uchina kwa bei inayozidi ya minofu. Nilipoisoma habari ya plasta ile nilifurahi kuona kwamba bidhaa ya mwaloni iliwahi kufunga majeraha. Lakini kasoro yake inaonekana bila kupimwa: gundi iliyoamshwa kwa maji itayeyushwa na maji. Ilikuwepo pia plasta ya risasi, iliyopikwa kwa oksidi ya risasi na mafuta ya zeituni. Iliwatumikia matabibu kwa karne nyingi, na tumeachana nayo kwa sababu risasi ni sumu.

Mlango wa zama zetu ulifunguliwa na miti. Tarehe 28 Machi 1882 mfamasia Paul Beiersdorf wa Hamburg alipata hataza ya plasta iliyotumia gutapecha, utomvu mgumu wa miti ya Malaya. Baada yake ukaja mpira wa asili, uliochanganywa na utomvu wa misonobari ili unate na oksidi ya zinki ili usiwashe ngozi. Mchanganyiko huo ulikuwa umekamilika ifikapo mwanzo wa karne ya 20, na bado uko nasi: roli la plasta nyeupe ya kitambaa linalouzwa kwenye maduka ya dawa ya Mwanga na Ujiji ni kizazi chake. Tanzania ina viungo vyote viwili vikuu. Mpira unalimwa Kihuhwi huko Muheza na Kalunga huko Morogoro, na utomvu wa misonobari unavunwa Sao Hill, Mufindi. Hadi leo plasta tunaagiza nje, na jambo hilo linaniuma kila ninapolitaja.

Kuna upande wa historia hii ambao hauwezi kuachwa na mtu anayeandika akitazama ng'ambo ya ziwa. Miaka ileile ambayo wafamasia wa Ulaya walikuwa wakiboresha plasta ya mpira, misitu ya Kongo ilikuwa ikikamuliwa mpira wa mwituni, ule wa mitambaazi ya Landolphia, chini ya dola binafsi ya Mfalme Leopold II iliyodumu kutoka 1885 hadi 1908. Watu walipigwa, walitekwa, walikatwa mikono kwa ajili ya mpira huo. Sehemu kubwa ilikwenda kwenye matairi na mikanda ya mashine, na siwezi kusema ni kiasi gani kilifika kwenye plasta. Ninachosema ni kwamba malighafi ya kufungia majeraha ilitoka katika soko lililofungua majeraha mengi kuliko hesabu, na baadhi ya wajukuu wa waliokimbia ukatili ule wanaishi leo upande wetu wa maji. Mwanasayansi wa gundi anapaswa kujua vitu vyake vinatoka wapi.

Wenyeji nao walikuwa na sayansi yao ya kunata, na ulimbo ndio ushahidi. Mtoto aliyewahi kutega ndege anajua kwamba utomvu mbichi hauwi ulimbo mpaka uandaliwe: utafunwe, upikwe au ukandwe hadi maji yatoke na ubaki mnato. Ukiwa na maji mengi hauna nguvu ya kumshika ndege. Ukikauka kupita kiasi hauna mnato wa kumkamata. Kati ya hali hizo mbili pana nafasi finyu, na mtegaji huipata kwa vidole. Anachokipima kwa vidole ndicho tunachokipima maabara kwa mashine.

Hebu tukitazame kwa makini, kwa kuwa hapa ndipo utamu wa elimu hii ulipo. Gundi nyingi unazozijua hushika kwa kuganda. Gundi ya mbao hupakwa ikiwa majimaji, hupenya, halafu hukauka na kuwa ngumu. Gundi ya plasta haigandi kamwe. Inabaki laini tangu siku inapotoka kiwandani hadi siku inapotupwa, na inachohitaji ni mgandamizo wa kidole tu. Ukiibonyeza, hutiririka polepole sana na kujaza vibonde vidogo vya ngozi ambavyo macho hayavioni. Ikishakaribia kiasi cha kutosha, nguvu ndogondogo za mvutano kati ya molekuli, zile zilizopewa jina la mwanafizikia Mholanzi van der Waals, huanza kazi. Kila moja ni dhaifu, lakini kwa pamoja, juu ya eneo lote la plasta, zinatosha kuzuia kingo za jeraha zisiachane.

Kwa hiyo gundi lazima iwe kimiminika ili iukaribie uso wa ngozi, na lazima iwe yabisi ili isiteleze inapovutwa. Je, kitu kimoja kinawezaje kuwa vyote viwili? Jibu ni wakati. Molekuli za gundi hizi ni nyuzi ndefu mno zilizosokotana. Zikipewa muda, hupitana na kutiririka. Zikivutwa ghafla hazipati nafasi ya kufumuka, zikakaza. Mwaka hadi mwaka mkemia Carl Dahlquist wa kampuni ya 3M alichunguza mpaka ulipo, na kanuni inayobeba jina lake inasema kwamba gundi ikiwa ngumu kuzidi takriban kilopaskali 300, katika kipimo cha sekunde moja, itapoteza mnato, hata ukiibonyeza kwa nguvu zako zote. Mpira wa tairi umeuvuka mpaka huo mara nyingi; ndiyo maana tairi halinati mkononi ingawa asili yake na ya plasta ya zamani ni moja.

Watafiti hupima mambo matatu. La kwanza ni mnato wa mara moja, yaani plasta inapogusa tu. La pili ni nguvu ya kubandua, inayopimwa kwa kuvuta ncha ya plasta kwa mwendo usiobadilika, mara nyingi milimita 300 kwa dakika. La tatu ni ustahimilivu wa kuteleza: plasta inaning'inizwa uzito na saa inahesabiwa. Kwa plasta ya kawaida ya kidonda, mawili ya mwanzo yanatosha. Kwa plasta ya kuunga, la tatu ndilo lenye uzito zaidi, kwa sababu ngozi pande zote mbili za jeraha inavuta mchana kutwa, na gundi inayoteleza hata milimita moja imeshaliacha jeraha wazi.

Hapo ndipo akrilati zilipoushinda mpira. Ni polima zinazotengenezwa kiwandani kutokana na malighafi za mafuta ya petroli, na mkemia anaweza kuchagua kiungo hiki ili ziwe laini na kile ili zikaze. Hazizeeki upesi kwa hewa na mwanga kama mpira, na hazina protini za mpira wa asili wala utomvu wa misonobari, vitu viwili vinavyojulikana kwa kuleta mzio. Plasta za kuunga zilizoenea tangu miaka ya 1960 zina gundi ya akrilati juu ya kitambaa cha reyoni kisichofumwa, kilichotiwa nyuzi za poliesta ili kisirefuke. Kitambaa hicho kina vitundu vya kupitisha mvuke. Usiviangalie vitundu hivyo kama urembo. Jasho lisipopata njia ya kutoka litakusanyika chini ya plasta, ngozi italegea, na gundi itaachia upande wa ngozi hata kama yenyewe haina kosa.

Wanaotumia plasta wanajua kwamba gundi ya akrilati huzidi kushika kadiri saa zinavyopita, kwa kuwa inaendelea kutiririka na kuingia katika vibonde vya ngozi. Kwa jeraha la kijana, hilo ni jema. Kwa bibi mwenye ngozi nyembamba ya uzee, ni hatari siku ya kubandua. Gundi za silikoni zilibuniwa kwa ajili ya watu kama yeye na watoto wachanga: hushika ndani ya dakika chache na hazizidishi nguvu baada ya hapo. Bei yake bado ni kubwa, na mizani kati ya bei na upole ni mojawapo ya mambo ambayo nchi zetu zitalazimika kuyafikiria zenyewe.

Sasa tuje kwenye ngozi, ambayo vitabu vingi vya gundi huipita haraka mno. Plasta haishiki mwili wako. Inashika tabaka la juu kabisa la seli zilizokufa, lenye unene wa maikromita 10 hadi 20 sehemu nyingi za mwili, na tabaka hilo linang'oka na kujisasisha katika muda wa wiki mbili hivi. Hata gundi bora kuliko zote ulimwenguni itaanguka, kwa sababu kile ilichokishika chenyewe kinaondoka. Ukikaa majini muda mrefu tabaka hilo hunywa maji na kuvimba. Vidole vya mvuvi vikikunjamana alfajiri, gundi haina mahali imara pa kukaa. Mafuta nayo hukaa kati ya gundi na ngozi na kuzuia ule ukaribu wa molekuli. Kila anayekata fenesi analijua hili: hupaka mafuta kisu na viganja kwanza, na utomvu ukishamganda hautoki kwa maji bali kwa mafuta. Fundisho ni la pande mbili. Kabla ya kubandika, osha mawese na mise kwa sabuni, suuza, kausha kabisa. Wakati wa kubandua, mafuta safi kidogo kwenye ukingo wa plasta yatakusaidia kuilegeza.

Na ngozi yetu ni nyeusi. Nalitaja hili waziwazi kwa sababu picha nyingi katika vitabu vya mafunzo zinaonyesha ngozi nyeupe, ambayo mwasho wa gundi huonekana kama wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hufichika. Muuguzi aliyefunzwa kwa picha zile anaweza kusema hakuna tatizo wakati tatizo lipo. Aguse kwa mgongo wa vidole kuona kama pana joto, atazame uvimbe na mng'ao wa ngozi, aulize kama panawasha. Mwasho ukishapita, huacha doa jeusi linaloweza kudumu kwa miezi. Tena watu wenye asili ya Afrika hupata keloidi, yale makovu yanayovimba na kukua kuvuka mipaka ya jeraha, kuliko watu wengi wengine. Mvutano kwenye jeraha unachangia makovu kuvimba, na kila tundu la sindano ni jeraha dogo jingine. Kwa hiyo plasta inayopunguza mvutano bila kutoboa ngozi ina maana ya pekee kwetu. Kijana anayetaka kufanya utafiti wenye faida kwa watu wake angeanzia hapa.

Nguvu ya jeraha lenyewe hurudi polepole kuliko wengi wanavyodhani. Mwishoni mwa wiki ya kwanza halijafika hata sehemu ya kumi ya nguvu ya ngozi nzima. Wiki ya tatu huwa robo hivi. Baada ya miezi mitatu hufikia karibu asilimia 80, na hapo hukoma. Plasta inaanguka siku ya saba au ya kumi wakati jeraha bado ni changa. Ndiyo sababu majeraha ya mahali panapokunjwa na kuvutwa, kama goti, kiwiko au vifundo vya vidole, huachiwa uzi.

Majeraha gani basi yanafaa? Mafupi, yaliyonyooka, yasiyo na kina, yasiyotoka damu tena, na yaliyo mahali pakavu pasipovutwa. Paji la uso, shavu, mkono wa juu, na muundi wa mzee ambaye ngozi yake ingechanwa na uzi. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2004 lililinganisha plasta hizi na gundi ya kimiminika kwa watoto wenye majeraha mepesi ya uso, na halikuona tofauti ya maana katika makovu. Kichwani penye nywele hapafai, viganjani na nyayoni penye jasho hapafai. Jeraha la kung'atwa na mnyama halifungwi kwa plasta wala kwa lolote kabla halijaonwa na mtaalamu. Na kila aliyejeruhiwa na chuma, mwiba au mfupa wa samaki aulizwe habari ya chanjo ya pepopunda, plasta iwepo isiwepo.

Kidonda sugu ni jambo jingine kabisa. Mwaka 1870 mpelelezi David Livingstone alilala Bambarre, katika nchi ya Manyema magharibi ya ziwa, kwa muda mrefu akiwa na vidonda vilivyokula nyayo zake. Mwenyewe alikuwa daktari, na katika shajara yake aliandika kwamba nafuu aliipata kwa malakaiti, jiwe la kijani la shaba, lililosagwa kwa maji na kupakwa kwa unyoya. Aliporudi Ujiji Oktoba 1871, siku chache kabla ya mwandishi wa habari Stanley kufika kumtafuta, alikuwa amedhoofika sana. Hakuna plasta ya kuunga, ya enzi yake au ya leo, ambayo ingefaa kwa vidonda vile. Kingo za kidonda kilichooza hazitakiwi kukutanishwa. Ukizifunga unafungia usaha ndani. Natumia mfano wake kwa makusudi, kwa sababu mwanafunzi akishaipenda zana yake huanza kuiona kuwa dawa ya kila kitu.

Mvuvi wa dagaa ana tatizo la namna yake. Anaingia ziwani jua likizama, anawasha taa, anavuta nyavu usiku kucha, mikono ikiwa majini. Akikatwa na kamba au kisu, plasta inahitaji saa 24 hadi 48 za mwanzo bila maji, na usiku unaofuata ataingia tena ziwani kwa kuwa watoto wanakula. Hata hivyo kila mwezi kuna siku za mbalamwezi, ambapo dagaa hawakusanyiki kwenye taa na mitumbwi mingi hupumzika. Muuguzi wa zahanati ya kijiji cha ziwani, Mwamgongo kaskazini au Buhingu kule kusini, anayemuuliza mgonjwa wake mwezi umefika wapi kabla ya kuamua kati ya plasta na uzi, anafanya sayansi nzuri kabisa. Jeraha lilelile lingetibiwa kwa njia mbili tofauti kulingana na kazi iliyo mbele ya mwenye mkono.

Namna ya kubandika nitaieleza kwa kifupi, kwa kuwa ina sura yake. Jeraha huoshwa kwa maji mengi safi, ngozi ya kando hukaushwa, plasta ya kwanza huwekwa katikati, kisha nyingine pande mbili kwa nafasi ya milimita kama 3 ili majimaji yapate kutoka. Kingo hukutanishwa kwa vidole, plasta haivutwi. Anayeivuta ili ikaze anaihamishia ngozi mzigo wote kwenye ncha za plasta, na kesho yake atakuta malengelenge. Baadhi hupaka kwanza tinkcha ya benzoini, utomvu wa miti ya Sumatra ulioyeyushwa katika spiriti, ili plasta ishike zaidi. Inasaidia, lakini isiingie ndani ya jeraha, na wapo inaowaletea mzio. Kubandua ni kwa polepole, plasta ikikunjwa na kurudishwa sambamba na ngozi, kutoka kila ncha kuelekea kwenye jeraha. Ukikumbuka habari ya molekuli zilizosokotana utajua kwa nini mwendo una maana: ukivuta ghafla, gundi hukaza, na ngozi ndiyo itakayoachia.

Nitalisema pia la supagluu, maana liko mitaani. Kemikali yake, sianoakrilati, iligunduliwa katika miaka ya 1940 na kundi la Harry Coover huko Eastman Kodak, na katika vita vya Vietnam ilipuliziwa majeraha ili kuzuia damu. Leo kuna aina za hospitali, zenye minyororo mirefu ya butili au oktili, na mojawapo iliruhusiwa rasmi nchini Marekani mwaka 1998. Ile ya fundi viatu ni ya aina nyingine: hutoa joto inapoganda, hugawanyika upesi kuwa vitu vyenye sumu kwa tishu, wala haikuwekwa kwenye kichupa kwa usafi wa dawa. Ninaelewa kwa nini mtu aliye mbali na zahanati huitumia. Namsihi asiitumie, na nakusihi wewe unayesoma usiseme kwamba zote ni kitu kimoja kwa sababu tu jina la kemia linafanana.

Maswali yaliyo wazi ni mengi. Plasta zilizokaa miezi kadhaa kwenye stoo yenye joto hushika kwa kiasi gani zikilinganishwa na zilizofika jana? Mawese yakioshwa kwa sabuni ya mche mara moja, yanaacha kiasi gani kwenye ngozi? Msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, unapunguza siku ngapi za uhai wa plasta? Utafiti kamili juu ya wagonjwa, kwa mfano katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, utahitaji kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na ni haki iwe hivyo. Lakini hatua ya kwanza haihitaji maabara kubwa.

Chukua roli la plasta ya kawaida yenye upana wa milimita 25. Bandika kipande kwenye kioo safi, ncha moja ikibaki huru, kisha kigeuze kioo kitazame chini. Funga chupa tupu kwenye ncha hiyo na uanze kutia maji kidogo kidogo mpaka plasta ianze kubanduka. Pima chupa na maji yake. Kila gramu 100 ni takriban nyutoni moja. Rudia kwenye kioo kilichopakwa tone la mawese, halafu kwenye kioo kilichopakwa na kuoshwa. Tia maji haraka mara moja, polepole mara nyingine, na utaona namba zikibadilika bila gundi kubadilika. Andika saa, tarehe, joto la chumba na kama mvua ilikuwa inanyesha. Ngozi iache kwanza. Sura ya kwanza itakuonyesha namna ya kuipima bila kuiumiza.